Kalemie hata Kigoma: Tupite Njia Gani?

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, mwaka 2024, nyumbani kwetu lilikuwa shauri moja tu lililozungumzwa asubuhi na jioni: tutavukaje kwenda Kigoma? Kwenda tulikuwa tumekwisha kukata neno. Njia ndiyo iliyotugawanya.

Sisi ni watu wa Kalemie. Miezi ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa vizuri, mtu akisimama juu ya kilima huiona milima ya ng'ambo, milima ya Tanzania, mfano wa wingu la buluu lisilosogea. Wakati wa kiangazi moshi na vumbi huifunika, nawe hudhani ziwa halina mwisho. Huko ng'ambo, kaskazini ya milima ile, yuko mama yangu mdogo. Alivuka mwaka 1999, usiku, katika mtumbwi wa wavuvi pamoja na watoto wake watatu, kwa kuwa vita vilikuwa vimeingia mji wetu tangu mwaka uliotangulia. Akakaa katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu. Baadaye binti yake akaolewa na mtu wa Ujiji, naye akamfuata huko. Mama yangu, aliye dada yake mkubwa, hakumwona tena. Miaka 25 walisikiana kwa barua, kisha kwa simu.

Basi katika mwezi wa tano mama mdogo alipiga simu akasema, "Dada, jicho la kushoto limekwisha kufa, na la kuume laona ukungu. Ukichelewa utanikuta, lakini mimi sitakuona." Mama aliiweka simu mezani polepole, kana kwamba ni yai, akaingia chumbani mwake, wala hakula siku ile.

Lazima niwaeleze kwamba mama anaogopa ziwa. Kaka yao, ambaye ndiye aliyewalea baada ya baba yao kufa, alikwenda kutega nyavu siku moja, mimi sijazaliwa, na mtumbwi wake ukarudi peke yake. Tangu siku hiyo mama hakupanda chombo chochote cha majini, hata cha kuvuka mlango wa mto. Maji ya ziwa huchota, hufulia, hupikia. Kupanda juu yake, hapana.

Tuliifikiri ndege kwanza, tukaiacha upesi. Kwetu ndege ingeanza kwa kutupeleka Lubumbashi, yaani kusini, hali sisi tunataka kwenda kaskazini na mashariki. Na bei ya tikiti za watu watano, mshahara wa mwalimu hauisogelei. Barabara ya kupita Fizi na Uvira hata Bujumbura, kisha kushuka Kigoma, ni nzuri katika ramani. Lakini habari za watu wenye bunduki hazikukoma upande ule, nami sipeleki watoto wangu mahali ambapo wenyeji wanapakimbia.

Ikabaki njia ya kusini. Mke wangu ndiye aliyeitetea, maana kaka yake yuko Lubumbashi, na mama alimwunga mkono kwa neno moja: "Udongo hauzami." Sikuwa na jibu. Kijana wetu mkubwa, aliye mwaka wa sita wa shule ya msingi, akachukua uzi akaulaza juu ya ramani: Kalemie, Lubumbashi, Kasumbalesa, nchi ya Zambia hata Nakonde, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, Kigoma. Alipounyosha na kuupima alipata zaidi ya kilomita 2,500. Kisha akaulaza juu ya maji, moja kwa moja, akapata 125. "Baba," akasema, "ile ni mara ishirini ya hii." Nilifurahi kama mwalimu, nikahuzunika kama mwenye kulipa nauli. Tena njia ile ina mipaka miwili badala ya mmoja, malazi ya siku nyingi, na barabara za kwetu ambazo lori hukwama mpaka abiria wanajuana kwa majina. Mimi nilikuwa na majuma matatu tu. Mwezi wa nane nilipaswa kurudi kwa kazi ya shule. Kwa njia ya kusini tungefika Ujiji, tukaamkia, tukageuka.

Jumapili, baada ya Misa, mama alinishika mkono nje ya kanisa. "Mwanangu," akasema, "nitapanda." Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Hapa niseme kidogo juu ya maji haya, maana watoto wetu wanayaona kila siku na hawayajui. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na upana wake kwa kadiri ni kilomita 50. Kina chake kikubwa ni mita 1,470; duniani kote ni ziwa Baikal tu linalolishinda kwa kina. Mto wa kutolea maji yake ni mmoja, Lukuga, nao unatokea hapa hapa Kalemie. Cameron alipofika mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na matete, na ziwa lilikuwa limejaa sana; miaka michache baadaye maji yalipasua kizibo hicho yakaenda zake mpaka mto Kongo, na ziwa likashuka mita kadhaa. Nalisema hilo kwa sababu mwaka wa safari yetu ziwa lilikuwa limepanda tena kuliko desturi. Mvua za 2023 na 2024 zilizidi, na nyumba nyingi za pwani ziliingiliwa na maji. Mitaa niliyoipita kwa baiskeli nikiwa mtoto, watu waliipita kwa mtumbwi.

Na pande hizi mbili zimetazamana muda mrefu. Wajerumani waliifikisha reli yao kutoka Dar es Salaam hata Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 na zaidi. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliifikisha reli yao kutoka Kabalo hata pwani yetu, kilomita 273. Reli mbili, kila moja imeinamia maji, na katikati hakuna ila meli. Baada ya vita ile ya kwanza Wabelgiji walipewa mahali pao katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nashangaa kila nikifikiri: faranga moja! Leo mtu mmoja na begi lake hutoa zaidi ya hapo kabla hajaufikia mlango wa bandari.

Turudi safarini. Tulipokubaliana juu ya maji, lilizaliwa shauri la pili: chombo gani? Kuna mashua kubwa za mbao zenye injini, ambazo huondoka karibu kila juma, huchukua watu na mizigo pamoja, na nauli yake ni nafuu. Na kuna meli za chuma za mizigo, zinazoleta bidhaa kutoka Kigoma na kurudi nyepesi. Baadhi zinaruhusiwa kuchukua abiria wachache. Meli hizo nauli yake ni karibu mara mbili, na siku ya kuondoka haijulikani mpaka ya mwisho. Karani anasema kesho; kesho anasema labda Alhamisi.

Kwa ajili ya jicho la mama mdogo tulichagua mashua. Nilikwenda mwenyewe mchana kuitazama, nikaiona imara, injini inanguruma vema, nikalipa nauli ya watu watano. Wakati wa magharibi tukashuka na mizigo yetu. Mama alivaa kitambaa chake cha siku za sikukuu.

Mashua ile ya mchana haikuwa tena mashua ile. Magunia yalijazwa hata juu ya kichwa cha mtu, madumu yamefungwa pembeni, na watu wameketi juu ya magunia. Nilihesabu abiria mpaka 60, nikaacha, maana wengine walikuwa bado wanapanda. Makoti ya kuokolea niliyaona kumi na moja, yamefungwa kwa kamba katika furushi moja, na furushi lenyewe liko chini ya mizigo. Nikasogea ukingoni, nikashusha mkono nipime ubao uliobaki juu ya maji. Haukufika dhiraa moja.

Mwezi wa saba ni katikati ya upepo wa kusi. Watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa maana yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 meli Mutambala ilipinduka katika ziwa hili, wakafa watu zaidi ya 100. Na darasani kwangu wapo watoto ambao hawapendi kulisikia jina hilo.

Nikamwambia mwenye mashua, "Bwana, apunguze mtu au apunguze gunia." Akacheka bila ubaya. "Bwana Mwalimu, ziwa hili nalijua kama wewe unavyoijua chaki. Panda, watoto wasipate baridi." Nikasema hatupandi. Akasema nauli hairudi. Tukasumbuana, hatimaye akarudisha nusu. Watoto walilia. Mke wangu alinyamaza, na ukimya wake naujua. Lakini neno lililoniuma ni la mama. Alisimama juu ya gati, furushi lake mikononi, akaniambia mbele ya watu: "Mwanangu, maisha yangu yote nimeiogopa bahari hii. Leo mimi nimeikubali, na wewe ndiwe unaikataa?"

Tulirudi nyumbani gizani. Usiku kucha nilisikiliza upepo katika mabati. Nawaambia kweli, na Padri nimemwambia pia: sehemu ya moyo wangu ilingoja habari mbaya ili nionekane mwenye akili. Ndiyo dhambi niliyoipata katika safari hii.

Habari ilikuja kesho yake mchana. Mashua imefika salama. Mama mdogo alipiga simu: "Watu wa Kalemie wameshuka, tumekwenda kuwapokea. Ninyi mko wapi?" Mama akanipa simu nijibu mwenyewe.

Tulingoja siku nne. Jirani zetu waliniita mwalimu wa nchi kavu. Nilikwenda bandarini kila asubuhi, na kila jioni mama aliniuliza, "Leo je?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Nilikuwa na haki kwa ubao ule? Hata sasa nasema ndiyo. Mashua kufika si ushuhuda kwamba ilipakiwa vema. Mtoto anayebahatisha jibu la hesabu simpi maksi zote. Lakini siku zile nne hazikuwa zangu peke yangu, zilikuwa za macho ya mtu mwingine, na hapo haki yangu ilinilemea.

Siku ya tano meli ikaondoka. Abiria tulikuwa wachache, kila mmoja akapewa koti lake la kuokolea, watoto wakapewa madogo. Mama hakulivua lake hata alipokunywa chai. Aliketi akiegemea ukuta wa chuma, rozari mkononi, macho amefumba. Mwezi haukuwapo, na kila upande taa za wavuvi wa ndagala zilielea juu ya maji, nyingi, kama mji ulioondoka nchi kavu ukaja kulala ziwani. Mtoto mdogo alimshika bega, "Bibi, tazama!" Akafumbua jicho moja. Akatazama kitambo. Akasema, "Kaka yangu aliwasha taa kama hiyo," akalifumba tena. Upepo ulituyumbisha kwa muda wa saa tatu hivi, mke wangu akatapika, mimi pia, mama, hapana.

Alfajiri tuliona vilima vya Kigoma. Hapo watoto walijifunza jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi bila kueleweka: saa yangu ilisema saa kumi na mbili, na saa ya bandari ilisema saa moja, kwa kuwa Tanzania imetangulia upande wetu wa Kongo kwa saa nzima. Mtu akipanga kupanda gari la moshi Kigoma, asisahau kuisogeza saa yake. Afisa alitaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hajauliza jina. Asiyekuwa nayo aitafute kwao mapema, wala asingoje kubembeleza ng'ambo. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini muhuri bado ni muhuri, na foleni bado ni foleni.

Ujiji iko karibu sana na Kigoma. Mama mdogo alikuwa ameketi uani, amevaa kanga mbili. Mama alisimama mbele yake bila kusema. Yule akanyosha mikono, akampapasa uso, kisha akainuka, akamshika mabega, akamgeuza pole pole mpaka jua likampiga usoni. Akamtazama kwa jicho lile la kuume muda mrefu sana.

"Umezeeka, dada," akasema.

"Na wewe," mama akajibu.

Ndipo wakalia, nasi tukatoka nje tukawaacha.

Juu ya Ujiji wengi wameandika, hasa kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Pana jumba la makumbusho na miembe iliyozaliwa na mwembe ule wa zamani. Watoto walipapenda. Mimi nilifikiri zaidi juu ya wale ambao majina yao hayakuandikwa: waliovushwa kutoka pwani yetu wamefungwa, wakapandishwa njia ya Tabora hata Bagamoyo. Wengine walibaki. Watu wengi wa Ujiji hujiita Wamanyema hata leo, na mzee mmoja, jirani wa mama mdogo, aliponisikia nasema natoka Kongo, alinijibu, "Basi umekuja kwenu." Ni Mwislamu, tena alitupelekea samaki kila Ijumaa, kwa kuwa alisikia kwamba Wakatoliki siku hiyo hawali nyama.

Lugha ilituchekesha. Mke wangu aliomba bukari, akaletewa ugali, akaona ni kitu kile kile. Sombe wanaiita kisamvu. Watoto walirekebishwa kanisani kwa kusema Yezu badala ya Yesu, wakaja kuniuliza nani amekosea. Niliwajibu kwamba Bwana wetu anasikia herufi zote mbili.

Safari nyingine nilizozitamani hazikuwezekana. Nilitaka kuchukua gari la moshi hata Tabora, nione Kipalapala, ambapo mapadri wengi wa nchi ile walisomea. Zile siku nne za bandarini ndizo zilizokuwa siku za Tabora. Nilitamani pia Karema, upande wa kusini, mahali pa Adriano Atiman, mtoto wa utumwa aliyekombolewa, akawa katekista na mganga, akawatibu watu pale hata alipokufa mwaka 1956. Karema na Mpala yetu zilikuwa vituo vya Wabelgiji, na zote mbili zilikabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Ni ndugu wawili wenye maji katikati. Zamani ungepanda Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina hili jipya. Sisi tuliikuta imefungwa bandarini, inangoja matengenezo. Nilisimama kuitazama na mtoto mkubwa. "Ilizama ikarudi?" akauliza. Nikamjibu ndiyo. "Basi usimwambie bibi," akasema, "atasema si kitu."

Tulimpeleka mama mdogo kwa mganga wa macho. La kushoto hakuna dawa. La kuume ni mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa, ila zamu yake ni mwezi wa tisa. Jioni hiyo mama alinyosha mkeka wake kando ya mkeka wa mdogo wake, akasema, "Ninyi nendeni. Mimi nangoja aone."

Tulirudi wanne, kwa meli ya mizigo, baada ya kuingoja siku mbili. Jicho lilipasuliwa likapona, na mama akakaa hata mwezi wa kumi. Nilimtumia nauli ya meli, nikamwandikia jina la karani na namna ya kuulizia. Fedha ile alimnunulia mdogo wake kanga, akarudi kwa mashua ya mbao. Hakunipigia simu mpaka alipokuwa amekwisha kushuka.